Sura ya Saba: Kuchagua Mgeuzo wa Kutibu Kizunguzungu cha Mkao

Kizunguzungu cha mkao ni ugonjwa wa chembe zilizohama makazi. Katika sikio la ndani, nyuma ya ngoma na vile vifupa vitatu vya kusikia, kuna kijifuko kiitwacho utrikali. Ndani yake mna utando wa ute, na juu ya utando huo zimelala chembe za chokaa, nyingi zikiwa ndogo kuliko sehemu ya 30 ya milimita. Uzito wa chembe hizo ndio unaoujulisha ubongo upande upi ni chini. Kutoka kwenye utrikali imechomoza mifereji mitatu myembamba iliyopinda kama mshikio wa kikombe. Imejaa majimaji, na kila mmoja una pazia la ute karibu na mlango wake mmoja. Kichwa kikizunguka, majimaji hubaki nyuma kidogo, pazia hupinda, na ubongo hutambua kichwa kinaelekea wapi.

Chembe zikibanduka na kuangukia ndani ya mfereji, utaratibu huo huvurugika. Mtu akijigeuza kitandani, chembe huzama kuelekea sehemu ya chini ya mfereji na kuyavuta majimaji pamoja nazo. Pazia hupinda, na ubongo huletewa habari kwamba kichwa kinazunguka ilhali kimetulia. Nyumba inazunguka, moyo unachafuka, jasho jembamba linatoka. Chembe zikishatua, majimaji hutulia na dunia husimama. Kwa kawaida mkasa wote haumalizi dakika moja, ingawa aliyeupata huapa kwamba ulidumu robo saa.

Wakulima wa Mgeta, upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru, humwagilia kabichi na karoti kwa mipira inayoteremsha maji ya vijito vya juu. Mchanga ukinasa kwenye pindo la mpira, kuutikisa ovyo hakusaidii. Inabidi mpira uinuliwe upande huu, ulazwe upande ule, pindo baada ya pindo, mpaka mchanga utoke kwa uzito wake wenyewe. Migeuzo inayoelezwa katika sura hii inatumia akili hiyo hiyo: kichwa hugeuzwa hatua kwa hatua, kila hatua ikisubiri chembe ziteremke, mpaka zirudi utrikalini. Vidonge vya kutuliza kichefuchefu na kizunguzungu, vinavyopatikana katika maduka ya dawa, hupunguza mateso kwa muda lakini haviwezi kuziondoa chembe mferejini. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani, uliotolewa 2008 na kuhuishwa 2017, unashauri visitumike kama tiba ya kawaida ya ugonjwa huu.

Kutambua ugonjwa kabla ya kugusa kichwa

Neno kizunguzungu hubeba mzigo mkubwa katika zahanati za milimani. Mgonjwa anaweza kulitumia kwa kichwa chepesi cha njaa, macho kuingia giza anaposimama, kuyumba kwa homa ya malaria, au uchovu wa upungufu wa damu. Neno kisunzi lipo, ila si kila mtu hulitenga na kizunguzungu. Kwa hiyo tabibu hana budi kuuliza zaidi. Ni nyumba inayozunguka, au ni kichwa kinachokuwa chepesi? Kinaanza mgonjwa akifanya nini? Kinakaa muda gani?

Majibu ya ugonjwa wa chembe yanafanana ajabu, awe anayejibu ni mama wa Kinole au fundi wa Kihonda mjini Morogoro. Nyumba inazunguka. Kinaanza wakati wa kulala, kugeuka kitandani, kuinama kufagia, au kutazama juu. Kinakoma upesi, halafu kinarudi mkao ule ule ukirudiwa. Mchumaji wa karafuu wa Matombo hukipata anapoinua uso kutafuta tawi lenye matita. Mwislamu hukipata anaposujudu, na wapo wanaohamia kuswali juu ya kiti bila kujua kwamba tatizo lao lina tiba ya dakika tano. Mama anayejitwisha kikapu cha ndizi hukipata anapoinama kukichukua, kabla mzigo haujafika kichwani.

Kati ya maswali yote, moja linafaa kuulizwa hata pale muda unapokuwa mfupi: je, kizunguzungu kinakuja mgonjwa akijigeuza kitandani bila kuinuka? Presha inayoshuka humpata anayesimama. Haimpati mtu aliyelala anayejigeuza kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine. Kosa linalojirudia ni kukimbilia mashine ya presha na kuishia hapo. Mtu aliyetoka kuona paa likizunguka ana hofu, na hofu hupandisha presha. Namba ikisomeka juu kidogo, mgonjwa huenda nyumbani na vidonge vya presha, na chembe zake akarudi nazo kama alivyokuja nazo.

Historia ya dawa nayo huulizwa. Sindano za streptomisini na gentamisini zinaweza kuharibu viungo vya mizani ya mwili katika masikio yote mawili, lakini huacha kuyumba kusikokwisha, hasa gizani, badala ya vipindi vifupi vinavyoletwa na mkao. Hilo haliponi kwa mgeuzo wowote.

Zipo dalili zinazokataza mgeuzo siku hiyo. Maneno kukwama mdomoni, kuona vitu viwili, uso kupinda, mkono au mguu kukosa nguvu, kichwa kuuma ghafla kwa namna isiyo ya kawaida, au kushindwa kabisa kusimama bila kushikwa: huyo apelekwe hospitali haraka, kwa kuwa huenda ni kiharusi. Majeruhi wa bodaboda wanahitaji uangalifu wa pekee. Pigo la kichwa ni miongoni mwa sababu zinazojulikana sana za kubandua chembe, kwa hiyo aliyeanguka na pikipiki au kutoka juu ya mti, akaanza kuona nyumba ikizunguka, huenda kweli ana ugonjwa huu. Lakini shingo yake ndiyo inayotangulia. Mpaka ihakikishwe kwamba haikuvunjika wala kuteguka, kwa eksirei ikibidi, kichwa hicho hakigeuzwi.

Jicho

Robert Bárány, daktari wa Vienna aliyepewa Tuzo ya Nobel ya 1914 kwa kazi yake juu ya viungo vya mizani ya mwili, alieleza mwaka 1921 habari za mgonjwa ambaye macho yake yalicheza kila alipolazwa kwa namna fulani. Mwaka 1952 Margaret Dix na Charles Hallpike, wakifanya kazi London, walitoa maelezo ya wagonjwa 100 na kuweka sawa kipimo ambacho hadi leo hubeba majina yao. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala maabara. Kinahitaji kitanda, mikono miwili, na mtu anayejua kutazama.

Mgonjwa hukaa kitandani miguu ikiwa imenyooshwa, mahali ambapo akilala kichwa chake kitapita ukingo. Akipimwa sikio la kulia, kichwa hugeuzwa nyuzi 45 kulia. Hulazwa chali kwa haraka, kichwa kikishikiliwa kikining'inia nyuzi kama 20 chini ya usawa wa kitanda, macho wazi. Anayepima husubiri. Macho huanza kucheza baada ya sekunde chache, pengine baada ya 20 au zaidi, na wengi wa wanaosema "kipimo hakikuonyesha kitu" waliondoa mikono mapema. Nusu dakika ya kusubiri ndiyo kiwango cha chini.

Chembe zikiwa kwenye mfereji wa nyuma, macho huzunguka kama usukani: sehemu ya juu ya mboni hurukia upande wa sikio lililo chini, na papo hapo jicho hupiga kuelekea kwenye paji la uso. Mchezo huo huongezeka, hupungua, na huisha kabla ya dakika moja. Mgonjwa akiinuliwa, unaweza kurudi kwa mwelekeo wa kinyume. Sikio lililo chini wakati macho yanacheza ndilo lenye chembe. Kwa mwenye shingo isiyokunjika, kichwa hugeuzwa nyuzi 45 kuelekea upande usiopimwa, kisha mgonjwa hulazwa kwa ubavu juu ya sikio linalopimwa. Mfereji hulala katika mkao ule ule bila shingo kuning'inia.

Kama macho yamecheza kwa mlalo, kulia na kushoto bila kuzunguka, au kama kipimo cha kwanza hakikutoa kitu ilhali maelezo ya mgonjwa ni yale yale, kuna kipimo cha pili. Mgonjwa hulala chali, kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo kwa mto, kisha kichwa hugeuzwa kwa haraka nyuzi 90 kulia. Macho hutazamwa mpaka yatulie, kichwa hurudishwa katikati, halafu hugeuzwa kushoto. Hapa mfereji wa ubavuni ndio unaosailiwa, na majibu yake yana mtego ambao utaelezwa mbele.

Mifereji haipati chembe kwa usawa. Katika kila wagonjwa 100, 80 hadi 90 huwa na chembe kwenye mfereji wa nyuma, sehemu kubwa ya waliobaki huwa nazo kwenye mfereji wa ubavuni, na mmoja au wawili tu huwa nazo kwenye mfereji wa mbele. Sababu ni maumbile ya mahali. Mfereji wa nyuma ndio unaokaa chini kuliko mingine, mtu akisimama na hata akilala chali, na chembe huishia humo kama mawe yanayoporomoka kutoka kilele cha Lupanga yanavyoishia bondeni. Mfereji wa mbele uko juu, kwa hiyo kinachoingia humo mara nyingi hutoka chenyewe.

Mfereji wa nyuma: Epley au Semont

John Epley alikuwa daktari wa masikio mjini Portland, jimbo la Oregon. Mwaka 1980 aliwaonyesha wenzake namna ya kuutibu ugonjwa huu kwa kukigeuza kichwa tu, na wengi hawakumwamini. Ilimchukua mpaka 1992 makala yake kuchapishwa katika jarida la kitabibu. Si ajabu. Tiba isiyo na dawa, kisu wala mashine, inayomaliza kazi kabla chai haijapoa, inafanana mno na mazingaombwe. Katika miaka hiyo hiyo madaktari wa Canada, walipokuwa wakipasua masikio ya wagonjwa wa ugonjwa huu huu ili kuuziba mfereji wa nyuma, waliziona chembe zikielea ndani yake, na mabishano yakapungua.

Mgeuzo wa Epley kwa sikio la kulia huanzia pale kipimo kinapoishia. Mgonjwa amelala chali, kichwa kimegeuzwa nyuzi 45 kulia na kinaning'inia. Husubiriwa mpaka macho yatulie, kisha nusu dakika zaidi. Bila kuinuliwa, kichwa hugeuzwa nyuzi 90 mpaka kitazame nyuzi 45 kushoto, na kusubiriwa tena nusu dakika hadi dakika nzima. Halafu mgonjwa huviringika juu ya bega la kushoto, kichwa kikigeuka naye nyuzi nyingine 90, mpaka pua ielekee sakafuni. Husubiriwa. Mwishowe huinuka kwa ubavu na kukaa, kidevu kikiwa karibu na kifua. Kwa sikio la kushoto kila kitu hufanywa kinyume chake.

Kizunguzungu kikirudi katika hatua ya pili au ya tatu, na macho yakacheza kwa mwelekeo ule ule wa mwanzo, hiyo ni habari njema: chembe zinasonga mbele. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba hilo linaweza kutokea. Asipoambiwa atafungua mikono, ataruka akae, na chembe zitarudi zilikotoka.

Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2014 yalikuta kwamba wagonjwa 56 kati ya 100 waliofanyiwa mgeuzo wa Epley walipona kabisa, ikilinganishwa na 21 kati ya 100 waliofanyiwa mgeuzo wa kuigiza au waliobaki bila mgeuzo. Hao 21 wasisahaulike, maana ndio wanaoipa sifa kila dawa ya kizunguzungu, ya dukani na ya mizizi. Chembe zinaweza kurudi zenyewe, au kuyeyuka, katika wiki kadhaa. Anayechagua kusubiri hafanyi kosa la kitabibu, ila kwa mtu ambaye shamba lake limekaa kwenye mteremko mkali, wiki kadhaa za kuyumba si kitu cha kuchezea.

Alain Semont na wenzake wa Ufaransa walichapisha njia yao mwaka 1988. Badala ya kuviringisha mfereji polepole, wao huutupa. Kwa sikio la kulia, mgonjwa hukaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, kichwa kimegeuzwa nyuzi 45 kushoto. Hulazwa kwa haraka kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea juu, na kubaki hapo dakika moja au mbili. Kisha huinuliwa na kupitilizwa kwa mkupuo mmoja mpaka ubavu wa kushoto, bila kugeuza kichwa njiani, hata uso utazame godoro. Hukaa hivyo dakika nyingine moja au mbili, halafu huinuka polepole. Siri ya Semont ni kasi. Mpito wa kutoka ubavu hadi ubavu ukichukua sekunde tano, chembe huteleza kurudi nyuma, na kilichofanyika ni mazoezi ya kujilaza tu.

Kati ya hizo mbili, matokeo hayatofautiani kwa kiasi cha kumlazimisha mtu achague moja daima, na ndiyo maana mwili wa mgonjwa huwa na sauti. Epley humfaa mtu mzito, mzee asiyeweza kutupwa huku na huku, au mwenye nyonga inayouma, mradi shingo yake inakunjika. Semont humfaa mwenye shingo iliyokakamaa, maana shingo haining'inizwi. Milimani Uluguru hilo si jambo dogo. Wanawake wengi wamebeba kuni, maji na mazao kichwani tangu utotoni, na shingo ya mtu wa namna hiyo huchunguzwa kwa kuulizwa na kugeuzwa taratibu kabla ya kuning'inizwa ukingoni. Mwenye kibiongo kikubwa au baridi yabisi ya shingo asifanyiwe Epley kamili. Semont pia hufaa pale anayetibu yuko peke yake na mgonjwa ni mwepesi, au pale Epley imefanywa mara mbili au tatu bila mafanikio, kwa kuwa huenda chembe zimeng'ang'ania kwenye pazia lenyewe na zinahitaji kishindo.

Mgeuzo unaweza kurudiwa siku hiyo hiyo. Baada ya kupumzika, kipimo hurudiwa. Macho yakicheza tena, mgeuzo hufanywa upya. Mgonjwa anayetapika sana anaweza kupewa dawa ya kuzuia kutapika nusu saa kabla, na hapo vidonge vina kazi ya halali.

Mfereji wa ubavuni na mtego wake

Kipimo cha kugeuza kichwa kulia na kushoto hutoa mojawapo ya majibu mawili. Huenda macho, kichwa kikiwa kulia, yakapiga kuelekea kulia, na kikiwa kushoto, yakapiga kuelekea kushoto. Yaani yanaifuata ardhi. Huenda pia yakafanya kinyume, yakapiga kuelekea juu, yakiikimbia ardhi. Katika hali zote mbili kizunguzungu hutokea pande zote, na hapa ndipo tabibu asiyezoea hutibu sikio lisilo na kosa.

Macho yakiifuata ardhi, chembe ziko huru katika sehemu ya nyuma ya mfereji, na sikio lenye ugonjwa ni la upande ambao mchezo ni mkali zaidi. Macho yakiikimbia ardhi, chembe ziko karibu na pazia au zimeshikamana nalo, na sikio lenye ugonjwa ni la upande ambao mchezo ni hafifu. Kanuni hiyo inatokana na majaribio ya njiwa yaliyofanywa na Julius Ewald, aliyeyaandika mwaka 1892. Inafaa iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani juu ya kitanda cha kupimia, kwa sababu hakuna anayeikumbuka vizuri mwisho wa siku yenye wagonjwa 60.

Kwa chembe zilizo huru, chaguo ni mbili. Ya kwanza ni kumviringisha mgonjwa mzunguko mzima, nyuzi 90 kwa nyuzi 90, kama mshikaki unavyogeuzwa jikoni: kutoka chali kuelekea upande wa sikio zima, kisha kifudifudi, kisha upande wa sikio gonjwa, na kurudi chali. Kila kituo hupewa nusu dakika hadi dakika. Njia hiyo inadai nafasi. Kitanda chembamba cha zahanati kilichosukumwa ukutani hakiruhusu, ila mkeka au godoro lililotandikwa sakafuni huruhusu vizuri kuliko kitanda chochote. Ya pili ni mgeuzo wa Gufoni, rahisi kwa wazee na wanene: mgonjwa akiwa amekaa hulazwa haraka kwa ubavu wa sikio zima, hubaki dakika moja au mbili, kichwa hugeuzwa nyuzi 45 pua ielekee chini, hubaki tena dakika mbili, kisha huinuka. Asiyeweza yote mawili aambiwe alale usiku kucha kwa ubavu, sikio zima likiwa chini. Njia hiyo ya Vannucchi haihitaji ustadi wowote, na mgonjwa anaweza kuitekeleza kwake Tegetero bila kushuka mjini.

Macho yanayoikimbia ardhi ni mkaidi zaidi. Hapo Gufoni hupinduliwa: mgonjwa hulazwa kwa ubavu wa sikio gonjwa, na kichwa hugeuzwa nyuzi 45 pua ielekee juu. Mara nyingi mafanikio ya kwanza ni kuona macho yamebadilika na kuanza kuifuata ardhi. Hajapona bado, lakini chembe zimehama kutoka karibu na pazia, na sasa anatibiwa kama wale wa mwanzo.

Jambo hilo la chembe kuhama lina upande mwingine. Mara chache, baada ya Epley, chembe zinazotoka mfereji wa nyuma huingia wa ubavuni, na mgonjwa hujikuta na kizunguzungu kikali kuliko alichokuja nacho. Asidhaniwe amepata kiharusi, wala Epley isirudiwe kwa hasira. Kipimo cha kugeuza kichwa hufanywa, na mfereji mpya hutibiwa kwa njia yake.

Mfereji wa mbele una habari fupi. Macho hupiga kuelekea chini kichwa kikining'inizwa, na kwa kuwa ugonjwa wa ubongo nao unaweza kuyafanya macho yapige chini, mgonjwa huyo anastahili kuonwa na daktari. Akithibitika, hutumiwa mgeuzo ulioandikwa na Yacovino na wenzake mwaka 2009: kichwa huning'inizwa chini kabisa bila kugeuzwa pembeni kwa nusu dakika, hukunjwa haraka mpaka kidevu kiguse kifua kwa nusu dakika nyingine, kisha mgonjwa hukaa. Uzuri wake ni kwamba haudai kujua ni sikio lipi.

Njia ya kurudi na vitanda vya nyumbani

Zamani waliotibiwa waliamriwa kulala wamekaa kwa siku mbili na kuvaa kola shingoni. Mwongozo wa 2017 umeyaondoa hayo, kwani hayaongezi kitu cha maana. Lakini mwongozo huo haukuandikwa kwa mtu anayerudi Kibungo Juu kwa mguu katika mvua za masika. Baada ya mgeuzo, wengi huhisi wanaelea kwa saa kadhaa, wengine kwa siku mbili tatu. Mgonjwa akae kwenye benchi walau robo saa kabla ya kuondoka, ashuke au apande na mtu wa kumshika, asijitwishe mzigo siku hiyo, na asiendeshe pikipiki. Kupanda mkarafuu au mnazi kungoje mpaka aweze kutazama juu bila dunia kuzunguka. Makatazo hayo yanamlinda mtu asianguke. Chembe hazina shida nayo.

Anayejua sikio na mfereji wake anaweza kufundishwa kujitibu nyumbani. Vitanda vingi vina ubao kichwani usioruhusu kichwa kupita ukingo, basi mto au blanketi lililokunjwa huwekwa chini ya mabega na kichwa huangukia nyuma yake. Epley ya nyumbani hufanywa hivyo. Upo pia mgeuzo wa Carol Foster wa Colorado, uliochapishwa 2012, unaofanyika sakafuni bila msaidizi. Mgonjwa hupiga magoti, hutazama juu, kisha huinama mpaka utosi wa kichwa ukaribie sakafu, kidevu kimekunjwa, karibu na mkao wa sujudu. Akiwa hapo hugeuza kichwa nyuzi 45 kuelekea kiwiko cha upande wa sikio gonjwa, hukiinua haraka mpaka usawa wa mgongo, na mwisho hukiinua mpaka wima, akisubiri kizunguzungu kiishe kila hatua. Magoti mabovu huufuta mgeuzo huu katika orodha.

Mazoezi ya Brandt na Daroff ya mwaka 1980, ya kujilaza ubavu huu na ule mara tano, mara tatu kwa siku, kwa wiki mbili, bado hufundishwa sana. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya Epley na Semont. Yabaki kwa mgonjwa ambaye sikio lake halikuweza kujulikana, au anayekaa mbali na hakuna wa kumgeuza.

Ugonjwa huu una tabia ya kurudi. Katika ufuatiliaji wa muda mrefu, karibu nusu ya waliopona huupata tena ndani ya miaka 10. Mwaka 2020 watafiti wa Korea Kusini walionyesha kwamba waliokuwa na upungufu wa vitamini D, wakipewa vitamini hiyo pamoja na kalisi, walipata marudio machache kuliko wenzao, kwa kama robo moja. Ukirudi, kipimo huanza upya, maana safari hii huenda ni sikio jingine au mfereji mwingine, na mgeuzo uliofaa mwaka jana ukawa si wake.

Mgonjwa ambaye hajapona baada ya kugeuzwa kwa usahihi katika mahudhurio matatu, ambaye usikivu wa sikio lake moja umepungua, au ambaye macho yake yalicheza kwa namna isiyolingana na mfereji wowote, hupelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Morogoro, na ikibidi kwa mabingwa wa masikio, pua na koo Muhimbili, umbali wa kilomita zipatazo 190. Video ya simu inayoonyesha macho yakicheza, iliyopigwa kwa ridhaa ya mgonjwa wakati wa kipimo, humsaidia bingwa kuliko kurasa mbili za maelezo, kwa sababu mgonjwa akifika Dar es Salaam huenda macho yamekwisha kutulia. Barua ya rufaa itaje sikio lililokuwa chini macho yalipocheza, yalielekea wapi, yalichelewa sekunde ngapi kuanza na yalicheza sekunde ngapi, kisha itaje mgeuzo uliofanywa, kwa upande upi, na mara ngapi.